Birere Ina Wenyewe

Goma ina kauli zake ambazo hakuna anayeziombea ushahidi. Mojawapo, juu ya mtaa wetu wa mpakani, ni hii: Birere haina wenyewe. Ukimhoji anayeisema, atakupa sababu tatu. Ya kwanza, mji ulijengwa na Wabelgiji kule chini ziwani, kwenye barabara pana zenye miti, na Birere ikajazana nyuma yake baadaye. Ya pili, wakazi wake ni wapita njia: wachuuzi wa mpakani, waliokimbia vita, vijana waliokuja kutafuta riziki na ambao kesho watakuwa Bunia au Kampala. Ya tatu, zitazame nyumba zenyewe, mbao na mabati juu ya makoro, yale mawe ya lava. Mtu mwenye nia ya kukaa, wanasema, hujenga kwa mawe na saruji.

Kauli hii husemwa na watu wa kila namna, hata na waliozaliwa Birere wakahamia mtaa wa Himbi. Husemwa bila chuki, kama jambo linalojulikana. Lakini ukiikagua sababu moja baada ya nyingine, kila moja inaangukia upande wa pili. Familia zilizoifanya Goma kuwa mji ni zile za mtaa huu na za watu wa aina yao. Waliopita ni wengine. Nyumba ya mbao, inayotajwa kama ushahidi wa upitaji, ndiyo inayoonyesha jinsi watu walivyokazana kubaki.

Tuanze na kilichokuwapo. Kabla ya forodha na bendera, nchi hii ya kaskazini mwa Ziwa Kivu ilikuwa mashamba na malisho ya Wakumu, ambao utawala wao wa kichifu, Bukumu, ungali upo katika teritori ya Nyiragongo inayopakana na mji. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani na kuupanda mlima Nyiragongo. Si miaka mingi baadaye Wajerumani walikuwa wamekaa Gisenyi, katika Rwanda ya leo, na Wabelgiji wakawa mkabala nao. Ubishi wao juu ya nani aichukue Kivu ulimalizwa Brussels mwaka 1910, na mpaka ukapita kati ya watu waliokuwa wakioana na kuzikana. Goma ikaanza maisha yake hivyo, kituo cha ulinzi kilichokodolea macho kituo kingine.

Kituo cha namna hiyo hakiendeshwi na ofisa na bendera yake. Kinahitaji askari, wapagazi, waashi, wapishi, wapiga kasia, wakata kuni, na wanawake wa kuwauzia chakula wote hao. Watu hao walilala mahali, wakazaa mahali, wakawa na majirani. Kiswahili kinachosemwa Goma leo kina asili ya Kingwana, lugha iliyosambaa mashariki mwa Kongo pamoja na wafanyabiashara na wapagazi wa Maniema, ikachukuliwa na watu wa asili mbalimbali waliolazimika kuelewana sokoni na kazini. Lugha ya pamoja haiundwi na watu wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Huundwa na mama anayemwita jirani yake amwangalizie mtoto, na jirani huyo hakuzaliwa katika lugha ya mama huyo.

Na walowezi? Walikuja kwa wingi baada ya mwaka 1928, ilipoundwa Comité National du Kivu, kwa kifupi CNKi, iliyopewa na serikali ya kikoloni madaraka juu ya ardhi kubwa mno ya Kivu ili iwagawie Wazungu wenye mitaji. Walipanda kahawa, chai, pareto na mikwinini. Lakini walipanda wapi? Masisi, Rutshuru, kwenye miinuko yenye udongo mzuri na hewa baridi. Mlowezi wa Kivu alikuwa mtu wa shamba. Goma kwake ilikuwa posta, bandari ya kwenda Bukavu, duka na hoteli ya kunywea bia akisubiri gari litengenezwe. Hata serikali yake haikuipa Goma uzito: makao makuu ya jimbo yalikuwa Bukavu, iliyoitwa Costermansville wakati huo. Ndugu zetu wanaposema mji ulijengwa na walowezi, wanawapa mji watu ambao wenyewe walijiona ni wa shambani.

Siwanyang'anyi walichofanya. Walichora barabara, wakafungua bandari, wakaacha nyumba nzuri zenye veranda na bustani zinazoshuka hadi majini. Ni haki pia kukumbuka kwamba wapo waliokaa. Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1949 na baadaye akalima pareto na maua Mugongo, ng'ambo ya mpaka, alifia Gisenyi mwaka 2006 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1999, na yeyote anayetaka anaweza kusoma habari za bustani yake na wageni wake. Hapo ndipo kauli yetu inapopata nguvu. Walowezi waliandika. Mashamba yao yalisajiliwa, yakapimwa, yakatiwa sahihi. Fundi aliyezipasua mbao za nyumba zao hakuandikiwa kitu, kisha tukachukua ukimya wa makaratasi tukaufanya historia.

Sasa tuzifuate nyumba za ziwani, tuone nani alikaa. Julai 1960, wiki chache baada ya uhuru, Wazungu wengi wa Kongo walifunga mizigo wakaondoka. Waliorudi au kubaki Kivu walitikiswa tena mwaka 1967, mamluki walipoiteka Bukavu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua za kuzifanya mali za wageni kuwa za Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati ule, na mashamba na maduka yakagawiwa watu waliokuwa karibu na utawala. Mobutu mwenyewe alikuwa na makazi yake hapa ufukweni. Mwaka 1994 karibu watu milioni moja kutoka Rwanda waliingia upande huu ndani ya siku chache, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada yaliyohitaji nyumba zenye lango na jenereta. Kuanzia 1998 hadi 2003 Goma ilikuwa makao ya waasi wa RCD. Umoja wa Mataifa nao ukaingia, ukakaa, ukapanga. Hesabu basi: mlowezi, mteule wa Mobutu, mkuu wa waasi, mfanyakazi wa shirika mwenye mkataba wa mwaka mmoja. Hao wote wamelala nyuma ya kuta zilezile za mawe, na kila mmoja alipopata sababu ya kuondoka, aliondoka.

Kama kuna mtaa wa wapita njia Goma, basi ni ule wa ufukweni. Nyumba zake zimedumu. Wakaaji wake hawakudumu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumefanya hivyo hasa tulipoamua kuwa historia ya mji ni ya wale waliokuwa na vigae juu ya paa.

Haya tuyaone pia katika miaka ya karibuni. Januari 2025 mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na wageni wengi wa mashirika wakaondoka. Walioendelea kuuza unga, maharagwe, samaki wa sambaza, mafuta na sabuni, kwa fedha kidogo iliyokuwa ikizunguka mikononi, ni watu wa masoko kama ya Birere. Hawakuwa na ndege ya kuwachukua, ni kweli. Lakini kukosa ndege hakuelezi kila kitu, kwa sababu mpaka wa Rwanda uko hatua chache kutoka milango yao, na wanaujua kuliko mtu yeyote.

Tuje kwenye mbao, sababu inayopendwa zaidi kwa kuwa inaonekana kwa macho. Swali la kwanza ni kwa nini mtu wa Birere hakujenga kwa mawe tangu mwanzo. Jibu liko kwenye sheria. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji Mzungu alikuwa na mtaa wake na Mwafrika wake, na katikati yao paliachwa nafasi. Amri ya mwaka 1931 ilianzisha vile vilivyoitwa *centres extra-coutumiers*, makazi ya Waafrika walio nje ya utawala wa machifu. Mwafrika mjini alikuwa pale kwa kibali, na kibali kilishikamana na kazi. Akipoteza kazi angeweza kurudishwa kijijini. Kiwanja alikuwa anakikalia tu. Njia ya Mkongo kupata umiliki binafsi wa ardhi ya mjini ilikuja kufunguliwa katika miaka ya 1950, ukoloni ukiwa ukingoni. Na mwanamke asiye na mume, ambaye katika miji yetu mara nyingi ndiye aliyekuwa na nyumba ya kupangisha na pombe ya kuuza, alitozwa kodi ya pekee kwa kosa la kuishi peke yake.

Katika hali hiyo, kujenga kwa saruji kungekuwa ujinga. Nani atazika akiba ya miaka kumi katika ukuta ambao karani anaweza kumtoa ndani yake kwa barua moja? Mbao zilikuwa jibu la mtu mwenye akili: ukifukuzwa, unang'oa misumari, unapakia, unakwenda kusimamisha mahali pengine. Serikali iliwalazimisha watu wajenge kwa namna ya kuhama, kisha warithi wa fikra za serikali hiyo wakaitazama namna ile ya kujenga na kusema, mnaona, hawa ni watu wa kuhama.

Swali la pili ni kwa nini mbao ziliendelea baada ya ukoloni kuondoka. Sehemu ya jibu ni umaskini, na sina haja ya kuuficha. Sehemu nyingine iko chini ya miguu yetu. Goma imekaa juu ya lava. Kuchimba msingi ni kupigana na mwamba kwa nyundo na patasi, siku baada ya siku, na kuchimba choo ni shida hiyohiyo mara mbili. Nyumba ya mbao haihitaji msingi wa kina. Makoro yanavunjwavunjwa na kusawazishwa, mengine yanapangwa kuwa ukuta mfupi wa kuzuia maji, nguzo za mkaratusi zinasimamishwa, mbao zinapigiliwa zikipandana ili mvua iteremke nje, mabati yanafuata. Wengi huzipaka mbao oili chafu ya magari, ndiyo maana mtaa una rangi ile nyeusi. Oili inafukuza wadudu na kukataa maji. Ndani hutundikwa pazia au kupigiliwa tripleksi. Mtoto wa kiume akioa, chumba kinaongezwa nyuma. Mpangaji akipatikana, kingine kinaongezwa ubavuni. Nyumba inakua na familia, na hakuna hata siku moja ambayo fundi anaweza kusema imekwisha.

Tena ardhi yetu inatetemeka. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, Goma na Gisenyi zilitikiswa na matetemeko kwa siku kadhaa mfululizo, mengine yenye nguvu ya 5 na zaidi kidogo, na majengo ya matofali yakapasuka, mengine yakaanguka. Ubao hujikunja, msumari hulegea, nyumba hulia usiku kucha na asubuhi ingali imesimama. Sisemi kwamba watu wa Birere walikaa kikao cha wahandisi. Nasema vizazi vitatu au vinne vya watu wanaojenga juu ya mwamba unaotetemeka hujifunza jambo, na walichojifunza kimo ndani ya nyumba zao.

Jaribio kubwa lilikuwa tarehe 17 Januari 2002. Lava iliteremka kutoka Nyiragongo, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikapita mitaa ya Murara na Mapendo, ikalimeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na kitovu cha biashara, ikaishia ziwani. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wa mji alipoteza nyumba. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi. Wataalamu na wakubwa walidhani hapo ndipo Goma ingekoma, au walau ingehamishwa. Kilichotokea ni kwamba ndani ya siku chache watu walianza kurudi wenyewe, lava ikiwa bado ya moto chini ya nyayo zao, wakikataa makambi waliyoandaliwa Rwanda. Walisimama juu ya lava wakajaribu kukumbuka parseli (kiwanja) ya nani iliishia wapi, kwa kutumia nyumba ya jirani iliyonusurika, mteremko wa njia, neno la mzee.

Hapo niulize: mpita njia hurudi kutafuta mpaka wa kiwanja uliozikwa chini ya mwamba? Mtu aliyekuja kuchuuza tu angebaki Gisenyi, au angeanza upya Kampala. Aliyerudi alikuwa na kitu cha kurudia. Na alirudi akajenga kwa nini? Kwa mbao. Hata mashirika ya misaada yaligawa mbao na mabati, kwa kuwa hakuna kitu kingine ambacho kingesimama haraka juu ya ardhi ile, na ambacho mtu angeweza kukihamisha lava ikipoa na viwanja vikijulikana. Kanisa kuu la mawe lilibaki gofu kwa miaka. Avenii za mbao zilikuwa na watu kabla mwaka haujaisha.

Wanaodhani mbao ni dalili ya kutokuwa na mizizi wajikumbushe miji mingine. Chicago ya karne ya 19 ilikuwa mji wa mbao, kuanzia kuta hadi njia za waendao kwa miguu. Oktoba 1871 iliungua, majengo kama 17,000 yakateketea na watu wapatao 100,000 wakakosa pa kulala. Hakuna aliyesema wakazi wake walikuwa wapita njia. Walisifiwa kwa ukaidi wao wa kujenga tena. Mji huohuo una fundisho jingine. Kwa muda mrefu heshima ya mwanzilishi wa Chicago alipewa mfanyabiashara Mzungu, John Kinzie, aliyekuja kuishi kwenye nyumba ya mbao mlangoni mwa mto mwaka 1804. Lakini nyumba hiyo ilikuwa imejengwa na kukaliwa kabla yake na mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, na mkewe wa kabila la Wapotawatomi. Ilichukua vizazi kadhaa mji kumtambua, na mwaka 2021 tu barabara yake kuu ya ufukweni ikaongezewa jina lake. Kumbe historia ya nani alianza inaweza kukosewa hata mahali penye kumbukumbu nyingi, na inaweza kusahihishwa.

Karibu nasi zaidi iko Zanzibar. Mji Mkongwe, wenye kuta za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ng'ambo, mtaa uliokuwa wa udongo na makuti upande wa pili wa mkono wa bahari, ndiko walikokaa watu wengi zaidi tangu karne ya 19, na ndiko ulikokua muziki na siasa za kisiwa. Mgeni hupiga picha mlango wa nakshi. Mzanzibari anajua mji ulikuwa pande zote mbili.

Kuna mapingamizi yanayostahili kujibiwa kwa uzito. La kwanza ni moto. Birere huungua, na huungua vibaya. Mbabula moja iliyoachwa na makaa, waya wa umeme uliounganishwa kienyeji, mshumaa wa mtoto anayesoma, na avenii nzima inaondoka usiku mmoja, kwa kuwa nyumba zimebanana na gari la zimamoto halina pa kupita. Anayesifu mbao bila kutaja hili anadanganya. Lakini angalia lawama inatua wapi. Moto huenea kwa sababu ya msongamano, ukosefu wa maji na umeme usiosimamiwa. Goma haina mito. Maji ya mvua hupotelea ndani ya lava, na mji ulio kando ya ziwa kubwa bado unachota kwa madumu. Mbao zikiwa na nafasi kati yake na bomba mwishoni mwa njia si hukumu ya kifo.

Vivyo hivyo ndege. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa ikaangukia nyumba na vibanda vya soko la Birere; watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa ardhini. Tarehe 24 Novemba 2019 nyingine, ndogo zaidi, iliangukia Mapendo. Kila mara ilisemwa kwamba watu hawapaswi kuishi pale. Ni kweli kwamba ni hatari kuishi mwishoni mwa njia ya ndege, hasa njia iliyofupishwa na lava kwa miaka mingi. Lakini kutoka kwenye hatari hiyo kuna hatua mbili tofauti: kusema watu hawa walindwe, na kusema watu hawa hawana haki ya kuwapo. Kauli yetu huruka moja kwa moja hadi ya pili. Tena mtaa wa kitajiri haukosi hatari zake. Mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayojikusanya mabondeni na kuua mtu na mbuzi, iko zaidi magharibi mwa Goma, karibu na ziwa, kule ambako maghorofa mapya yanapanda kila mwaka. Sijasikia mtu akisema wenye maghorofa hayo hawana kwao.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na katika Kivu hakuna anayeweza kulipita kimya. Ukianza kutafuta familia za kwanza, utaambiwa, unafungua mlango wa kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni, na mlango huo umetuua. Ni kweli. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kuja Kivu kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Wajukuu wao waliambiwa na sheria ya mwaka 1981 kwamba uraia unategemea babu aliyekuwapo mwaka 1885; sheria ya Novemba 2004 ikarudisha kipimo kwenye siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Tarehe hizo si za mitihani ya shule. Watu wameuawa juu yake.

Ndiyo sababu natenganisha mambo mawili. Ardhi ilikuwa ya Wakumu kabla ya mji, na hilo halifutwi na hoja yoyote. Mji ni kitu kingine. Mji ni majirani wasio wa ukoo mmoja waliokubali kugawana njia, kisima na soko. Goma kwa maana hiyo haikuanzishwa na kabila. Ilianzishwa na Mkumu aliyeteremka na viazi, Mhunde wa Masisi, Mshi aliyekuja kwa mashua, Mnande aliyeshuka na maharagwe, Mhutu na Mtutsi wa pande zote mbili za mpaka, mtu wa Maniema na Kiswahili chake. Kumbukumbu ya Birere, ikichukuliwa nyumba kwa nyumba, haiwezi kutumiwa na mchochezi wa ukabila, maana haimpi anachokitaka. Kila avenii itamjibu kwa majina ya koo tano. Wanaosema mtaa hauna wenyewe ndio wanaomwachia mchochezi uwanja mtupu wa kuujaza.

Na kuhusu uchuuzi, ambao hutajwa kana kwamba ni aibu: Petite Barrière, kivuko kinachopakana na mtaa, kabla ya ugonjwa wa korona kilipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake wenye mabeseni ya mboga, unga na samaki. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL) iliyoundwa Gisenyi mwaka 1976 kati ya Zaire, Rwanda na Burundi ilijaribu kuyapa mambo hayo sura rasmi. Watu wa Birere walikuwa wakiyafanya kabla. Asubuhi mtu anavuka, jioni analala kwake. Anayevuka mpaka kila siku na kurudi kila siku ni mkaaji kuliko yule anayeuvuka mara moja kwa ndege.

Kauli hii ingekuwa porojo tu kama isingeingia ofisini. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inafanya ardhi yote kuwa ya dola, na mtu wa mjini hupata haki ya kudumu juu ya kiwanja akionyesha kwamba amekiendeleza. Katika mazoea ya ofisi zetu, kukiendeleza ni kujenga kwa vifaa vinavyohesabiwa vya kudumu, na mbao hazihesabiwi. Hivyo familia inaweza kukaa mahali tangu babu, ikaungua ikajenga, ikafunikwa na lava ikajenga, na bado mbele ya karani ikaonekana haijafanya kitu. Kisha anakuja mwenye pesa na ghorofa lake, kwa miaka miwili anakuwa mwenyewe, na wale wa mbao wanahamishiwa pembezoni, Mugunga au Ndosho, kuanza upya.

Ndipo tuseme linalotakiwa kufanywa. Ofisi ya ardhi ikubali miaka ya kukaa kuwa uendelezaji, hata kama ukuta ni wa mbao. Mashefu wa avenii na wa nyumba kumi wanajua nani alikuwa wapi, na ushuhuda wao unaweza kuandikwa na kukaguliwa. Vyuo vya mji, ambavyo kila mwaka vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada, viwapeleke Birere na daftari kabla wazee wa mwisho waliozaliwa chini ya Wabelgiji hawajaondoka. Na mipango ya kufungua njia za zimamoto ipangwe na wenye nyumba, parseli kwa parseli, kwa fidia, badala ya kuwashukia kama watu wasio na anwani.

Anayepinga haya ana kazi moja tu mbele yake: atuonyeshe familia ya ufukweni iliyokaa Goma tangu enzi za CNKi hadi leo, katika nyumba yake, bila kuondoka mji ulipoungua au ulipoanguka. Akiipata, tuiheshimu pamoja na nyingine. Lakini asitarajie kwamba atakaporudi kuhesabu waliokaa, hesabu ya Birere itakuwa ndogo kuliko yake.